Mji wa Reli Ndani ya Stoo ya Ngozi

Mtu pekee aliyewahi kuniambia usoni kwamba ushahidi wangu haufai alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ndani ya stoo yangu, chini ya feni ambayo stima yake nalipa mimi. Wengine hapa Garissa huenda wanawaza hivyo hivyo, lakini wanawaza wakiwa mbali. Yeye alisema, kisha akaniomba nimpitishie gundi.

Nitamwita Mwalimu, maana mji mzima unamwita hivyo. Alifundisha jiografia miaka mingi, na wanafunzi wake ndio wamejaa maofisini sasa. Wakimwona njiani wanaficha sigara, hata wale wenye wajukuu. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hilo sitaligusa. Hapa kwetu ukianza na ukoo hufiki kwenye habari yenyewe, wasomaji wanakuwa wamegawanyika tayari. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, na hilo la tatu nilitoka katikati kwa sababu ng'ombe walikuwa wanahama. Lakini nina maduka yamepangana kando ya barabara, nina nyumba ya ghorofa, nimehiji kwa jasho langu, na haya unayosoma nimeyaandika kwa mkono wangu. Mwalimu ana vyeti ukutani. Na bado aliyekuja kuomba stoo ni yeye.

Ilikuwa stoo niliyokuwa nikiweka ngozi, nyuma ya maduka. Aliniomba mpaka Ramadhani ipite. Hakusema Ramadhani ipi. Akaleta mbao, akaunda meza iliyojaa chumba chote hadi ukitaka kupita unajibana ukutani kama mwizi, na juu ya meza ile akaanza kujenga mji.

Mji wenyewe ni mji mdogo wa huko bara, kwenye ile reli ya zamani nyembamba, ambayo kutoka chuma hadi chuma ni mita moja tu. Jina lake silitaji. Wenyewe wapo, na wakisikia watakuja kubishana. Mwalimu aliishi huko utotoni, kabla watu wake hawajahamia Garissa. Leo treni haipiti tena, stesheni imefungwa, nyasi zimemeza njia. Na yeye, mkazi wa Garissa, mahali ambapo treni haijawahi kukanyaga, akaamua kuujenga ulivyokuwa siku zile, ile mita moja ya reli ikiwa upana wa kidole. Kwa kipimo hicho mtu mzima anakuwa kama kiungo cha kidole gumba. Reli alitengeneza kwa sipoki za baiskeli, mataruma kwa njiti za kiberiti, tangi la maji kwa mkebe wa nyanya. Mabati ya nyumba alikata kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, akayagongagonga kila adhuhuri, wakati ambao Mungu aliuweka watu wa Garissa walale.

Watu hakuweka. Alisema kuchonga sanamu ya kiumbe si jambo analotaka kuulizwa kesho akhera. Kwa hiyo mji ule hauna mtu, hauna mbuzi, hauna hata kuku. Nilimwambia huo si mji, ni makaburi yenye stesheni.

"Watu walikuwapo, Haji, hilo halina ubishi," akasema. "Ninalotafuta mimi ni kuta."

Sasa kuta hizo alivyozitafuta ndiyo habari yenyewe. Mtu mwingine angefumba macho, akakumbuka, akajenga. Mwalimu alikataa. Kila jengo alilifungulia kesi. Kanuni yake ilikuwa hii: ama kuwe na karatasi ya zamani pamoja na mtu mmoja aliyeona kwa macho yake, ama kama hakuna karatasi, kuwe na watu wawili walioona, wasio ndugu wa mwenye nyumba, wasiojulikana kwa uongo. Pungufu ya hapo, pale mezani panabaki mbao tupu. Na shahidi aliyepatikana na uongo mmoja, yote aliyowahi kusema yanang'olewa.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa kadhi alipita siku moja kuona kinachogongwa. Akazunguka meza, akasikiliza kanuni yote hadi mwisho, akavuta ndevu. Alimwambia Mwalimu kwamba hii si kesi ya talaka wala ya mirathi, ajenge tu nyumba zake watu walale. Mwalimu alimshukuru, akamuuliza kama katika ujana wake aliwahi kupita mji ule. Kadhi akasema aliwahi, usiku, ndani ya treni, akiwa amelala. Mwalimu akamsindikiza mlangoni.

Karatasi alizifuata Nairobi, kwenye nyumba ya nyaraka za serikali. Alikuwa akipanda basi na mfuko wa plastiki wenye penseli, rula na dawa zake za sukari, anarudi baada ya siku kadhaa amekonda, amenakili michoro ya reli kwa mkono. Alikuwa na furaha ya mtu aliyenunua ngamia. Anakushika shati kukuonyesha. Hapa ni gudauni, hapa ni landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi, hapa ni nyumba ya stesheni masta, na hapa, Haji, tazama, ni choo cha stesheni masta. Mzungu alikichora choo kwa wino, na vipimo vyake, na upande mlango unakofungukia. Mwalimu akapata na mtu aliyekiona, fundi mmoja mstaafu. Kwa hiyo choo kikasimama mapema sana katika mji ule, kizuri, na bati lake.

Safari moja nusura asirudi. Kwenye kizuizi, pale wanapotushusha sote kwenye basi tuonyeshe vitambulisho kana kwamba tumezaliwa jana, askari alifungua mfuko wake akakuta michoro: daraja la reli na vipimo, tangi la maji na vipimo, njia ya kuingilia stesheni. Mzee wa Kisomali, miwani mikubwa, ramani ya reli. Basi likaondoka, yeye akabaki kwenye kontena anahojiwa. Alinisimulia mwenyewe, tena bila kuona aibu. Askari alimuuliza reli hiyo anaitakia nini. Mwalimu akajibu kwamba reli hiyo haina treni, na ndiyo maana anaitaka. Jibu kama hilo linaweza kumfunga mtu. Kumbe yule askari alikuwa amezaliwa kwenye landhi za reli za mji ule ule, baba yake alikuwa mtu wa kubadilishia treni njia. Kusikia hivyo, Mwalimu akasahau kwamba anayehojiwa ni yeye. Akatoa penseli. Mfereji wa maji ulikuwa upande gani wa landhi? Wa juu au wa chini? Uliona mwenyewe au uliambiwa? Askari wa watu alisimama wima akijibu. Mfereji ule upo mezani hadi leo, na Mwalimu alirudi nyumbani amepandishwa lori la vitunguu na askari huyo huyo.

Uliona au uliambiwa. Hilo ndilo lililokuwa neno lake, na hakuliacha stoo. Alitembea nalo sokoni, msikitini, matangani. Mtu akisema mvua imenyesha Rhamu, anaulizwa. Mtu akisema fulani amefilisika, anaulizwa. Nilifanya kosa la kumchukua kwenye posa ya mpwa wangu, nikidhani mtu wa vyeti ataipa heshima safari yetu. Mzee wa upande wetu, upande wetu wenyewe, akawa anamsifu kijana kwamba hakosi sala ya alfajiri. Mwalimu akageuka, kwa upole kabisa, akamuuliza kama ameona au ameambiwa. Yule mzee akakohoa. Baba wa binti akakisikia kikohozi kile, akaomba muda wa kufikiri, na mpaka leo anafikiri. Mpwa wangu alioa kwingine, na maneno anayopewa na mke huyo nayasikia nikiwa ghorofani.

Siku mbuzi wangu alipoingia stoo akala duka la Mhindi, ambalo lilikuwa la kadibodi, Mwalimu alinijia na vipande vya kadibodi mkononi. Akasema mbuzi wako ameharibu ushahidi.

Nikamuuliza, "Uliona au uliambiwa?"

Hakucheka. Alifikiri, akasema ni swali la haki, akaenda kuwauliza majirani. Duka alilijenga upya kwa bati.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa mizani moja. Mtu huyu aliyekataa neno la kadhi alinunua kila mzizi uliouzwa sokoni kwa ajili ya sukari, kwa sababu muuzaji alisema umemponya mjomba wake. Mjomba huyo Mwalimu hakumwomba amwone. Na ile reli tunayoahidiwa kila wakati wa kura kwamba itapita Garissa, aliiamini kama jua la kesho. Aliacha hata ukingo mtupu upande mmoja wa meza, eti njia ya kutoka Garissa itakuja kuungana hapo. Nilimuuliza ni nani aliyeiona. Akasema hiyo ni ya mbele, haihitaji shahidi. Watu wa vitabu ndivyo walivyo. Ya nyuma wanaipima kwa rula, ya mbele wanaibugia nzima.

Mimi nami nilikuwa na kitu changu katika mji ule, na hapa ndipo maneno yangu yanapoanza kuwa na uchungu, nisamehe.

Nikiwa kijana nilikuwa mtu wa ng'ombe. Tuliwaswaga kutoka Garissa kwa miguu, kiu na simba, mpaka reli ya bara, tukawapakia kwenye mabehewa. Mji tuliopakia ndio huo wa Mwalimu, ila mimi nilifika wakati watu wake walikuwa wamekwisha kuhama. Kwenye mchoro wa reli kulikuwa na kisanduku kisicho na jina, kimechorwa vibaya katikati ya karatasi, na mshale ambao Mwalimu aliugeuza huku na huku asijue ni wa upande gani. Nikamwambia hicho ni boma la ng'ombe. Lilikuwa kaskazini mwa reli, na lilikuwa na mteremko wa mawe wa kuwapandishia kwenye behewa. Najua kwa sababu mteremko huo ndio uliokula ukucha wa kidole changu kikubwa cha mguu, na haukuota tena sawasawa. Alinihoji muda mrefu, akaomba kuona kidole. Kisha akalijenga. Boma dogo la vijiti, na mteremko wa changarawe alizozigandisha moja moja, kaskazini mwa reli.

Nilianza kuwapeleka wageni wangu. Wanunuzi wa ng'ombe kutoka Griftu, watu wa kaunti, hata mkwe. Nawapitisha stesheni haraka haraka, nawafikisha kwenye boma. Nawaambia, hili ni langu.

Cha Mwalimu mwenyewe hakikuwapo. Mama yake alikuwa na hoteli ya chai pale, kibanda cha mabati karibu na stesheni, maziwa na tangawizi, abiria wananywea dirishani treni ikisimama. Ni kibanda hicho kilichomfanya aanze kazi yote ile, ingawa alichukua muda kuniambia. Na ndicho hakuweza kukiweka. Michoro ya reli haikukionyesha, maana kilikuwa cha muda na cha mtu mweusi. Yeye mwenyewe alikumbuka, lakini alisema mtoto hamshuhudii mama yake. Dada yake wa Mandera alikumbuka, lakini naye ni mtoto wa mama huyo huyo. Choo cha stesheni masta kipo, hoteli ya mama haipo. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo. Akasema kanuni ni kanuni.

Siku moja akarudi kutoka Nairobi anacheka peke yake. Amepata karatasi. Ni ya stesheni masta, anaomba wakubwa wake wamwondoe mwanamke wa Kisomali anayeuza chai kwenye ardhi ya reli bila ruhusa. Mtu mwingine angepasuka kwa hasira. Yeye aliinakili kwa mwandiko mzuri, akanisomea mara mbili.

"Wamemwandika, Haji," akasema. "Wamemwandika mama."

Lakini karatasi ilisema alikuwapo, haikusema ni wapi. Sasa kilichobaki ni mtu mmoja tu aliyeona. Alikwenda mpaka Griftu kumtafuta mfanyabiashara mmoja mkongwe wa ng'ombe. Mzee huyo alifurahi sana kuulizwa. Akasema ile chai anaikumbuka mpaka leo, tangawizi yake ilikuwa inakwaruza koo, ila mahali hapakumbuki hata kidogo. Safari yote ile, vumbi lote lile, akarudi na habari ya tangawizi.

Kibanda chenyewe alikuwa amekwisha kukitengeneza. Nilikiona mara moja, amekificha kwenye kopo la majani ya chai, kimefungwa kitambaa. Na mahali pake nilipajua ingawa hakuniambia. Mji ule una mbao tupu sehemu nyingi, lakini sehemu moja, kusini mwa reli chini ya tangi la maji, alikuwa akiipangusa vumbi kuliko nyingine.

Kisha sukari ikamla macho. Kwanza aliacha kusoma, halafu akaacha kukata bati, halafu akawa anagusa majengo kwa vidole kama anayetafuta ufunguo. Binti yake aliye Amerika akapanga kumchukua. Alipokuja kuniaga niliona wazi kwamba anayeondoka hivi harudi, na kwamba kopo lile la majani litaondoka naye limefungwa.

Nikaamua kumjengea yule mama hoteli kwa mdomo wangu. Sioni haya kusema, na ningesema tena. Baada ya alasiri nikaenda stoo, nikamwambia nimekumbuka jambo. Nilipokuwa kijana, safari moja ya mapema kuliko zile nilizowahi kumsimulia, siku ya kupakia ng'ombe, nilikunywa chai pale kwa mwanamke wa Kisomali. Nikashika kidole chake nikakiweka chini ya tangi.

Mkono akauacha pale pale.

"Mlango ulitazama wapi?"

"Relini."

"Ulikaa au ulisimama?"

"Nilikaa. Kulikuwa na benchi, la rangi ya buluu."

Benchi hilo alikuwa amenisimulia yeye mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, jinsi mama yake alivyokuwa akilifuta kwa khanga. Nilijiona fundi.

Mwalimu akaondoa mkono. "Benchi la buluu lilikuwa hapa Garissa, Haji. Tulilinunua baada ya kuhama. Mimi ndiye niliyechanganya. Dada yangu alinisahihisha alipokuja Idi, wewe ulikuwa safarini." Akanigeuzia uso. "Kosa langu limetokaje kinywani mwako?"

Na hapo ndipo aliposema neno lile, kwamba ushahidi wangu haufai. Hakupandisha sauti. Akaniomba nimwongoze mkono mpaka kwenye boma.

Ningeweza kumpeleka kwenye choo cha stesheni masta, na Mungu ananijua, niliwaza. Nikampeleka kwenye boma. Akaligusa ukuta kwa ukuta, akaomba gundi ya kushikilia tangi lisije likaanguka akivuta, akalichomoa boma pamoja na mteremko wake na kuniwekea kiganjani. Halikuwa na uzito wowote.

"Sisemi halikuwapo," akasema. "Nasema sina mtu wa kulishuhudia. Kama lilikuwapo, leta mtu."

Nilitoka nimekasirika kama fahali aliyekatwa pembe. Mwanamke anayeuza maziwa mbele ya duka langu akaona nilichoshika. "Haji, leo unacheza na watoto?" Nikaingia ndani. Boma nikaliweka juu ya friji ya soda, na kila aliyeingia kununua soda aliuliza.

Siku ya soko la mifugo nikaanza kuwauliza wazee. Elewa vizuri, sikuwa natafuta historia ya mtu. Nilikuwa natafuta boma langu. Nilimwendea kila mwenye ndevu nyekundu za hina aliyeegemea fimbo nikimuuliza kama aliwahi kupakia ng'ombe mji ule, na akisema ndiyo, mdomo wangu ukauliza wenyewe kama aliona au aliambiwa. Wengi waliambiwa. Mmoja, mzee wa Buna aliyekuja kuuza ngamia, mkubwa kuliko mimi kwa umri, aliona. Alipakia pale akiwa kijana, kabla yangu.

Nikamuuliza boma lilikuwa upande gani.

"Kusini. Chini ya tangi."

Nikamwambia kaskazini. Akapinga kwa Kiswahili chake cha kwetu kisicho na p.

"Warya, wewe, kusini. Bale mama alikuwa anauza chai. Ng'ombe yangu moja ilitoka kwa boma, ikatia kichwa ndani ya kibanda, ikakunywa maziwa ya wenyewe. Huyo mama alinibiga na mwiko." Akainamisha kichwa kunionyesha. Hakukuwa na kovu lolote, lakini alipagusa kama panauma.

Sikuwa nimemtajia chai wala mama.

Nilisimama kati ya ngamia zake nikiwaza. Kumpeleka mzee huyu kwa Mwalimu ni kumpeleka mtu atakayesema mbele yangu kwamba boma langu lilikuwa upande mwingine. Kutompeleka ni rahisi, mzee anauza ngamia zake jioni anarudi Buna, na Mwalimu anapanda ndege. Nikamwambia mzee aache ngamia kwa mwanawe aje tunywe chai.

Mwalimu alikuwa amekaa kando ya meza, koti la safari tayari mwilini katika joto lile. Nikamwambia nimeleta mtu, sikusema zaidi. Akamhoji jina, safari, nani alikuwa pamoja naye, ng'ombe walikuwa wa nani. Mzee wa Buna alijibu yote, na mengine ambayo hakuulizwa. Akamwomba aonyeshe kibanda kilipokuwa. Yule mzee akazunguka meza akijibana ukutani, akanyoosha fimbo yake juu ya mji mzima, akagusa mbao tupu chini ya tangi. Mwalimu akaifuata fimbo kwa vidole, kutoka mkononi mwa mzee hadi ncha yake, mpaka alipofika mezani.

"Mlango ulitazama wapi?"

"Uligeukia boma. Kama ungegeukia reli, ng'ombe yangu ingeingiaje?"

Mwalimu akafungua kopo la majani ya chai. Kibanda kilipotoka kwenye kitambaa, mlango wake ulikuwa umekatwa ubavuni, usielekee reli. Alikiweka, akakigeuza kidogo, akakibonyeza. Miwani akaivua ingawa ilikuwa haimsaidii tena. Mzee wa Buna akasema kilikuwa kikubwa kuliko hicho, nikamkanyaga mguu.

Halafu Mwalimu akaomba boma. Nikaenda nikalichukua juu ya friji. Akaliweka kusini, kando ya kibanda, mteremko wake wa changarawe ukiangalia reli, akashika gundi, kisha akakumbuka kwamba nipo.

"Haji. Kwa huyu lilikuwa kusini. Labda walilihamisha kabla hujafika wewe." Gundi bado mkononi. "Unasemaje?"

Mteremko ule ulikuwa wa mawe na saruji. Hakuna anayehamisha kitu kama kile kuvusha reli. Niliwaangalia wote wawili, na kile kibanda cha bati la mafuta ya kupikia, ambacho ushahidi wake wote ulikuwa umesimama juu ya neno la mzee yule, boma na chai pamoja. Anguka kimoja, anguka viwili. Kanuni ilikuwa yake, lakini na mimi nilikuwa nimeijua vizuri.

"Mimi si shahidi, Mwalimu," nikasema. "Uliniondoa mwenyewe."

Akatia gundi.

Ameshaondoka. Stoo naifungua mwenyewe, napangusa vumbi, nawapeleka wageni. Wanasimama mbele ya boma na hoteli, nami nawaambia mji huu kila ukuta wake una karatasi na shahidi. Hawaulizi kitu.

Boma lilikuwa kaskazini. Niliona, sikuambiwa.